Mlinganyo wa kipeo

Mlinganyo wa kipeo katika hisabati ni mlinganyo ambamo namba isiyojulikana imo katika kipeo, kwa mfano 2ˣ = 32. Namba inayobeba kipeo, hapa 2, huitwa kizio. Njia rahisi ya kuutatua ni kuandika pande zote mbili kwa kizio kimoja, kisha kulinganisha vipeo. Kwa kuwa 32 = 2⁵, basi x = 5.

Kanuni

Ikiwa aᵐ = aⁿ, basi m = n, mradi a ni namba chanya isiyo 1. Kizio kikizidi 1, thamani ya aˣ huongezeka daima kadiri x inavyoongezeka. Kikiwa kati ya 0 na 1, hupungua daima. Hivyo hakuna thamani inayojirudia. Kizio 1 hakifai: 1² = 1⁵, ingawa 2 si sawa na 5.

Mfano

Tatua 8ˣ⁻¹ = 4ˣ⁺².

Namba 8 ni 2³ na 4 ni 2². Kipeo cha kipeo huzidishwa, kwa hiyo:

3(x − 1) = 2(x + 2)
3x − 3 = 2x + 4
x = 7

Kuhakiki: 8⁶ = 262,144 na 4⁹ = 262,144.

Kosa la kawaida

Vipeo havilinganishwi kabla kila upande haujabaki na kipeo kimoja tu cha kizio hicho. Katika 2ˣ + 2³ = 2⁵ wengine huandika x + 3 = 5 na kupata x = 2. Lakini 4 + 8 ni 12, si 32. Vipeo hujumlishwa katika kuzidisha, si katika kujumlisha.

Matumizi

Kaboni-14 hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi. Mfupa wa kale uliobaki na 1/8 ya kaboni-14 yake ya awali huleta mlinganyo (1/2)ˣ = 1/8 = (1/2)³. Vipindi vilivyopita ni 3, yaani miaka 17,190 hivi.

Mipaka ya njia hii

Mlinganyo kama 2ˣ = 6 una jibu kati ya 2 na 3, lakini 6 si kipeo kamili cha 2. Hapo hutumika logi, zilizotangazwa na John Napier wa Uskoti mwaka 1614.