Gari la mkononi Nyanda za Juu Kusini: mambo ya kukagua kabla ya kulipa

Gari linalotembea vizuri kwenye barabara tambarare linaweza kukushinda mara ya kwanza unapopanda Kitonga, mkoani Iringa, au unapoteremka Iwambi kuelekea Mbalizi, mkoani Mbeya. Kwa sababu hiyo, mnunuzi wa mikoa yetu hapaswi kuridhika na rangi nzuri na viti visafi. Haya ndiyo tunayoshauri uyakague, ukiwa na fundi unayemwamini wewe, si aliyeletwa na muuzaji au dalali.

Injini iwe ya baridi

Nenda asubuhi na umwombe muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Ukikuta injini ina moto, rudi siku nyingine, kwani injini iliyopashwa moto huficha ugonjwa wa kuwaka kwa shida. Tazama moshi: wa bluu unaashiria kwamba injini inakula oili. Moshi mweupe kidogo asubuhi ya baridi ni wa kawaida, lakini ukiendelea baada ya injini kupata moto, huenda maji yanaingia kwenye silinda.

Rejeta na maji

Jiji la Mbeya liko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Mfuniko wa rejeta ndio unaobana mgandamizo ili maji yasichemke mapema. Ukiwa mbovu, gari litachemsha mlimani. Ufungue injini ikiwa ya baridi tu. Ukikuta maji yana oili, au oili imekuwa kama chai ya maziwa, usinunue.

Breki

Kanyaga breki injini ikiwa inaunguruma, ushikilie kwa dakika moja. Pedali ikizama taratibu, kuna uvujaji. Kisha endesha kwenye mteremko. Gari likivuta upande mmoja au usukani ukitetemeka unapofunga breki, fundi afungue tairi akague padi na diski. Mafuta ya breki ya zamani hunyonya unyevu. Kwenye mteremko mrefu hupata moto, huchemka, na pedali hulegea wakati unapoihitaji zaidi. Kwa gari la otomatiki, hakikisha linakubali gia ndogo ya kuteremkia.

Soma pia tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na kashata nzuri na bado likawa limezeeka.

Kadi na namba

Linganisha namba ya chesisi na ya injini na zile zilizoandikwa kwenye kadi. Namba iliyokwaruzwa au kuchomelewa upya ni sababu ya kuondoka. Jina kwenye kadi liwe la anayekuuzia. Kadi ikiwa na jina la benki pia, uliza kama mkopo umelipwa, na upate barua ya benki yenyewe. Angalia deni la faini za barabarani kwa kutumia namba ya gari.

Kwa walio karibu na mipaka ya Tunduma na Kasumulu, jihadharini na gari lenye namba za nchi jirani linalouzwa bei ya chini. Huenda liliingia kwa kibali cha muda na ushuru wake haujalipwa. Likikamatwa, mwenye hasara ni wewe.

Kabla ya fedha kutoka

Andikeni mkataba mbele ya wakili, kisha mkahamishe umiliki TRA. Muuzaji na mnunuzi wote wanahitaji TIN. Muuzaji akikuambia utahamisha mwenyewe baadaye, usimalize malipo. Gharama ya fundi na wakili ni ndogo kuliko ya injini mpya, na breki ikishindwa Kitonga, hakuna fedha itakayorudisha abiria uliowabeba.