Kupima Vyuma Vilivyopachikwa Katika Kuta za Mawe

Wasomaji wetu wa Bukoba na Muleba hawajasahau tetemeko la tarehe 10 Septemba, 2016, lililokuja yapata saa tisa na nusu alasiri. Watu wasiopungua 17 walikufa, nyumba nyingi zikabomoka, na shule za Ihungo na Nyakato zikafungwa kwa kuharibika majengo yake.

Ukuta wa mawe huvumilia sana mzigo uukandamizao kutoka juu. Lakini ukisukumwa ubavuni huachana na paa, ukaanguka nje. Kwa hiyo mafundi hutoboa ukuta kwa keekee, hupachika chuma kwa saruji laini, kisha hukifunga katika kenchi za paa. Dawa hii ni njema, ila haiaminiwi kwa kutazama tu.

Wako wadhanio ya kwamba chuma kikiwa kinene kazi imekwisha. Sivyo. Mtu akimfunga fahali kwa kamba nene katika kigingi kilichosimikwa matopeni, atamkuta migombani mwa jirani. Chuma chenye kipenyo cha milimita 12 huvumilia zaidi ya tani 2. Lakini jiwe lililoshikwa kwa udongo laweza kung'oka zima kabla ya hapo, na chuma kingali ndani yake.

Basi, chuma huvutwa kwa jeki yenye tundu katikati, nguvu ikiongezwa polepole na kusomwa katika kipimo chenye mshale. Miguu ya jeki yapasa kusimama mbali na tundu. Ikiwa karibu, itayakandamiza mawe yale yale yatakayo kutoka, na ukuta utasifiwa bure. Kisha hutazamwa kilichoshindwa. Je, chuma kimekatika? Kimeteleza katika saruji? Jiwe limemeguka pande la umbo la pia? Au jiwe zima limetoka? Likitoka zima, chuma kinene zaidi hakifai kitu; tundu lipelekwe ndani zaidi, lipite mawe kadhaa.

Tena yafaa kuuliza kipimo kilifanywa wapi. Chini ya ukuta mawe hubanwa na uzito wa yaliyo juu. Karibu na paa hayabanwi sana, na huko ndiko vyuma vifungwako. Kadhalika tetemeko huvuta na kurudisha mara nyingi, wala si mara moja kama jeki.

Vyuma vya kuvutwa hata vishindwe vipachikwe mbali, katika ukuta huo huo. Vile vitakavyobaki kazini vivutwe kupita kidogo tu mzigo uliokusudiwa, kisha viachwe.