Usiulize kozi gani inapandisha mshahara

Swali ni lile lile, aulize dereva, karani au fundi bomba: "Nisome kozi gani nipandishiwe mshahara?" Hakuna kozi inayopandisha mshahara. Anayepandisha ni mwajiri, naye hufanya hivyo akiona kazi yako inamwingizia zaidi, au akihofia utaondoka.

Hapo huja hoja ya pili, na hii ndiyo inayonichosha: "Mbona fulani alipelekwa mafunzo, na leo ni msimamizi?" Haya, tuingie karakana. Bosi ana mafundi sita wa kuchomelea na nafasi moja ya mafunzo. Atampeleka nani? Atampeleka yule ambaye tangi lake likijazwa maji halitoi jasho hata tone, anayefika kabla geti halijafunguliwa, ambaye wateja humwulizia kwa jina. Huyo angepanda cheo hata bila kozi. Ukichukua mshahara wake, ukatoa wa wenzake waliobaki, kisha tofauti yote ukaipa kozi, umehesabu vibaya.

Wachumi Edwin Leuven na Hessel Oosterbeek walilipima jambo hili Uholanzi, wakachapisha matokeo mwaka 2008. Waliwalinganisha wafanyakazi waliosoma na wenzao waliokusudia kusoma wakakwamishwa na tukio la bahati mbaya tu. Faida ya mshahara iliyoonekana nono mwanzoni ilishuka hadi karibu na sifuri. Kwa hiyo anayekuuzia cheti cha siku mbili kwa ahadi ya mshahara mnono anakuuzia hesabu ile ile mbovu, na inaniuma mtu anapokopa kwenye kikoba kuilipia.

Mafunzo yana faida, ila itafute kwenye ajira kwanza. Nchini Uganda, Livia Alfonsi na wenzake waliwafuatilia vijana waliofundishwa vyuoni na waliofundishwa ndani ya karakana za waajiri. Makundi yote mawili yalipata kazi na kipato zaidi. Lakini kazi ilipokatika, wa chuoni walirudi kazini upesi zaidi, kwa sababu ujuzi wao ulikuwa na cheti ambacho mwajiri mwingine angeweza kukisoma. Ujuzi wa wale wengine aliujua bosi wao peke yake. Tena faida huchelewa: David Card, Jochen Kluve na Andrea Weber walipopitia tafiti zaidi ya 200 za programu za ajira, waliona matokeo ya mafunzo ni madogo mwanzoni, yakikua baada ya miaka miwili au mitatu.

Sasa ufanye nini? Kama kazi unaijua tayari, usirudi darasani kuanza moja. Ukiwa Tanzania, nenda VETA, mamlaka ya ufundi stadi, ukapimwe urasimishiwe ujuzi; ukiwa Kenya, fanya mtihani wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwanda, wa daraja la III, II au I. Kama huijui, hakikisha chuo kimesajiliwa (kwa Tanzania, na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi), kisha ingia karakana yao uone mashine zinawaka. Kwa Tanzania Bara, mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, iliyoshushwa hadi asilimia 3.5 mwaka 2023. Mwandikie barua ukiomba mafunzo na uitaje tozo hiyo. Na habari ya mshahara mmalizane kwa maandishi kabla hujaenda kozi.