Je, Mawimbi ya Bahari Yanaweza Kutupa Umeme?



Ndugu wasomaji, neema alizoziweka Mwenyezi Mungu baharini ni nyingi. Tumezoea kuhesabu samaki, chumvi na njia ya vyombo. Leo tutazame nyingine: nguvu ya mawimbi.

Sisi wa Amani tunaujua umeme wa maji. Katika mto Pangani, kituo cha Hale kilianza mwaka 1964, na cha Maporomoko ya Pangani mwaka 1995. Maji huteremka kwa kasi, huzungusha mtambo, na umeme hupatikana. Lakini mvua zikikosekana mto hupungua. Ukame ulipoingia, mwaka 2006 nchi yetu ilipata mgao mkali wa umeme. Bahari haikauki. Kwa nini basi tusiitumie?

Wimbi huzaliwa na upepo unaosukuma maji. Ili kulitumia, mafundi hujenga chumba cha zege ufukweni, chini kikiwa wazi kwa maji, juu kikiwa na tundu. Wimbi likiingia, maji hupanda na kuisukuma hewa itoke tunduni. Likirudi, hewa huvutwa ndani. Hapo tunduni huwekwa mtambo mfano wa feni, ambao huzunguka upande ule ule hewa ikitoka au ikiingia.

Kituo cha namna hii kilifunguliwa mwaka 2011 huko Mutriku, Hispania. Kina mitambo 16, yote pamoja kilowati 296. Linganisheni na Maporomoko ya Pangani, kilowati 68,000: ni kama mara 230!

Vikwazo ni vitatu. Kwanza, chumvi hula vyuma. Pili, dhoruba huvunja mitambo, na gharama ni kubwa. Tatu, mawimbi hayalingani kila mahali. Tanga imekingwa na kisiwa cha Pemba na miamba ya matumbawe. Mawimbi makubwa yako mashariki ya Pemba, kunakotazama bahari kuu. Nayo Pemba, iliyokuwa ikitegemea jenereta za dizeli, tangu mwaka 2010 hupata umeme kutoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari.

Hivyo, mawimbi hayajawa badala ya mto. Kazi iliyobaki inahitaji watu waliosoma hesabu na fizikia. Wanafunzi wetu, msiyakimbie masomo hayo; nanyi wazazi, wahimizeni.