Sikio Lauma, Itazameni Pua

Mara nyingi mtoto mwenye mafua huamka usiku akilia na kushika sikio lake. Watu husema, "Ameingiwa na mdudu," wakamtia mafuta ya moto. Lakini ugonjwa huo haukupita mlango wa nje. Umepita mlango wa ndani, ambao wengi hawaujui.

Nyuma ya kiwambo cha sikio mna chumba kidogo chenye hewa, na humo mna vifupa vitatu vipelekavyo sauti ndani. Kutoka chumba hicho mfereji mwembamba hushuka mpaka nyuma ya pua. Tabibu Mwitalia, Bartolomeo Eustachi, aliueleza katika karne ya 16, nao waitwa kwa jina lake hata leo. Kwa mtu mzima urefu wake ni kama milimita 35. Kwa kawaida huwa umefungwa. Tumezapo mate au tupigapo miayo hufunguka kidogo, hewa ikaingia.

Basi mafua yakija, utando wa pua huvimba, na pengine uvimbe huenea katika mapango yaliyomo ndani ya mifupa ya uso. Makamasi hushuka penye mdomo wa mfereji, nao huvimba ukaziba. Hewa iliyobaki chumbani hufyonzwa na mwili, kiwambo kikavutwa ndani, na maji hukusanyika. Vijidudu vikipanda humo, maji hugeuka usaha, na kiwambo huweza kupasuka. Watoto hupatwa zaidi, kwa kuwa mfereji wao ni mfupi, tena umelala. Ndiyo sababu tabibu atazamapo sikio huangalia na pua na koo pia.

Tena maji hayo huweza kukaa majuma mengi pasipo maumivu, mtoto asisikie vema. Kwa hiyo, walimu, kabla hamjamwadhibu mtoto asiyeitika, simameni nyuma yake mkamwite kwa sauti ndogo. Asipogeuka, mkalisheni mbele, mkawaambie wazazi wampeleke hospitali. Huenda si mkaidi, huenda hasikii.

Nyumbani na yafuatwe haya. Msitie sikioni mafuta, wala maziwa, wala maji ya majani. Mtoto apenge polepole, tundu moja moja. Asinyweshwe chupa hali amelala chali. Moshi wa jiko na wa tumbaku uwe mbali naye. Sikio litokwalo na usaha lisiingie maji, na mtoto aonwe na tabibu; akipewa dawa, aimalize.

Lakini mkiona uvimbe nyuma ya sikio, au uso umepinda, au shingo imekakamaa pamoja na homa kali, msingoje hata asubuhi, maana ubongo u karibu sana na chumba kile. Mtoto hujifunza maneno kwa kusikia. Amlindaye pua amlinda sikio, na amlindaye sikio amlinda ulimi na akili.