Njia ya Kuzuia Moto wa Majani

Ninyi wenye mashamba pande za Kabare, Walungu na Mwenga, sikilizeni. Kipwa kikifika, tangu mwezi wa 6 mpaka wa 8, majani ya vilima yanakauka. Vijana wengi wako Kamituga, wanachimba dhahabu. Nyumbani wamebaki mama, wazee na watoto. Mtu mmoja anachoma majani apate malisho mapya, mwingine anaacha tanuru la makala bila mlinzi. Upepo unachukua moto mpaka kwenye mikahawa yako. Nani atauzima? Maji ni mbali. Basi kazi ifanywe mbele ya moto, si nyuma yake.

Njia ya moto ni nini? Ni ukanda wa udongo mtupu unaozunguka shamba. Moto hula majani. Pasipo majani hauna chakula.

Upana wake ni gani? Usipungue hatua 4. Majani yakiwa marefu, uzidishe. Upande wa chini wa shamba ndio uwe mpana kupita yote, kwani moto hupanda kilima mbio kuliko kushuka.

Namna ya kulima kwa trakta ndogo ya magurudumu mawili:

1. Anza mwezi wa 5, udongo ungali laini.
2. Pita kwa miguu kwanza. Ondoa mawe na visiki. Chuma kikigonga jiwe, hutoa cheche.
3. Kata majani marefu kwa panga, uyapeleke kwenye shimo la mboleo. Usiyaache kando ya njia.
4. Lima kwenda na kurudi, mpaka majani yafunikwe na udongo. Yanayobaki, yakusanye.
5. Usitie esansi mashine ikiwa na moto. Ngoja ipoe.
6. Kila juma mbili katika kipwa, tazama kama majani yameota ama yameanguka njiani, ukafagie.

Angalia sana penye mteremko mkali! Trakta inaweza kukupindukia. Hapo tumia jembe. Tena, usilime njia inayoshuka kilima moja kwa moja: mvua ya mwezi wa 9 itaigeuza mfereji, nayo itachukua udongo wako. Penye kushuka, kata majani mpaka chini na kuyafagia, lakini usichimbe.

Asiye na trakta asikate tamaa. Jembe, panga na reki zinatosha, kama majirani wanafanya salongo pamoja. Ama nyumba kadhaa zichange esansi, wakodi trakta moja kwa siku chache.

Usidanganyike: cheche za upepo mkali huruka njia. Lakini penye njia moto hupunguka nguvu, na watu wanapata mahali pa kusimama na kuupiga kwa matawi mabichi. Mlango wa kukimbilia uwe wazi nyuma yenu sikuzote.

Wewe unayekwenda mgodini, lima njia hii kabla hujafunga mzigo wako. Mkahawa ukiungua, miaka 3 itapita kabla mche mwingine haujazaa vizuri.