Gari Linasikia Lakini Halisikiki: Jinsi Hitilafu ya Redio ya Upepo Inavyotafutwa

Wananchi wa kata zilizo mbali na Mpanda mjini wanafahamu kuwa ukielekea Karema na Ikola, kando ya Ziwa Tanganyika, au ukipanda milima ya Mwese, yapo maeneo ambako mtandao wa simu hukatika. Kwa sababu hiyo redio ya upepo ingali na umuhimu katika magari ya wagonjwa, ya doria na ya ukaguzi. Ikipoteza nguvu ya kurusha sauti, dereva mwenye mgonjwa hawezi kutoa taarifa kwamba yuko njiani, na wauguzi hawawezi kujiandaa kumpokea.

Dalili ya kwanza huwachanganya wengi: dereva anasikia kituo vizuri, lakini kituo hakimsikii. Wengine hudhani kwamba kituo kinampuuza. Ukweli ni kwamba kusikia ni kazi nyepesi na kusema ni kazi nzito. Redio ya gari ya wati 50 hutumia umeme usiofikia ampea 1 inaposikiliza, lakini huhitaji ampea 10 au zaidi dereva anapobonyeza kitufe na kuongea. Waya uliochakaa unaweza kumudu kazi ya kwanza na kushindwa ya pili.

Jambo la kwanza la kuangalia ni mahali na mpangilio. Mawimbi ya redio za aina hii husafiri karibu katika mstari ulionyooka, hivyo kilima huyazuia. Gari lisogezwe hadi mahali palipoinuka, kisha dereva ajaribu tena. Aangalie pia kama redio imewekwa kwenye nguvu ndogo, kwa kuwa nyingi zina ngazi mbili au zaidi. Ikumbukwe kuwa nguvu ikishuka kutoka wati 50 hadi 25, msikilizaji huona tofauti ndogo tu. Kwa hiyo, gari likitoweka kabisa hewani mahali ambapo siku zote lilisikika, tatizo ni kubwa kuliko hilo.

Jambo la pili ni umeme. Injini ikiwa inaunguruma, fundi apime volti kwenye nyaya zinazoingia nyuma ya redio, si kwenye betri, huku mwenzake akibonyeza kitufe cha kuongea. Katika gari la volti 12, kipimo kwa kawaida huwa kati ya 13 na 14. Kikishuka chini ya 12, fundi akague vituo vya betri, fyuzi na hasa waya wa ethi uliofungwa kwenye bodi, ambao hushikwa na kutu. Fyuzi iliyokatika ibadilishwe kwa nyingine ya kiwango kilekile. Kuunga kipande cha waya mahali pake ni kukaribisha moto ndani ya gari.

Jambo la tatu ni antena na kebo yake. Barabara zetu zina vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika. Mtikisiko hulegeza kitako cha antena, maji huingia kwenye viunganishi, na mlango huibana kebo. Hapo sehemu ya nguvu hugonga hitilafu na kurudi kwenye redio badala ya kwenda hewani. Fundi huithibitisha kwa kipimo cha nguvu inayokwenda na inayorudi. Uwiano wa 1.5 ni mzuri, maana takriban asilimia 4 tu hurudi. Ukifika 3, asilimia 25 hurudi, na redio nyingi hujipunguzia nguvu ili zisiungue.

Mwisho, fundi huondoa antena na kuunganisha mzigo bandia wa omu 50. Redio ikitoa nguvu yake kamili hapo, basi ni nzima na ugonjwa uko kwenye antena au kebo. Isipotoa, na umeme unaoingia ni wa kutosha, ipelekwe kwa fundi wa redio. Kamwe kitufe kisibonyezwe pasipo antena wala mzigo bandia.

Mwananchi ana nafasi yake katika jambo hili. Mjumbe wa kamati ya zahanati au kituo cha afya anaweza kuuliza lini redio ya gari ilijaribiwa kwa kuongea, si kwa kusikiliza tu. Ukiona antena imevunjika au inaning'inia, toa taarifa kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata. Na kwa dharura ya mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga, penye mtandao wa simu, piga namba 115 ya mfumo wa m-mama bila malipo.

Waya wa ethi husafishwa kwa dakika chache gari likiwa kituoni. Usiku, katikati ya pori, likiwa na mgonjwa, muda huo haupatikani. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.